Robo ya Kitunguu

Tarehe 23, mwezi wa saba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepata nafuu na wajukuu hawajakumaliza kwa kelele. Mimi ni mzima, ingawa uzima wenyewe una maelezo, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua kwamba kwa miaka ishirini na saba nilipima chakula cha wanafunzi mia nne kwenye stoo ya shule ya bweni. Kengele ikilia, nilikaa na wapishi nikasukumiwa sahani. Sikuwahi kujiuliza nitakula nini. Nilipostaafu mwezi wa tatu na kuhamia chumba hiki, niligundua kwamba kumbe njaa yangu ilikuwa inaishi kwenye kengele. Hapa hakuna inayolia. Saa saba mchana inapita, saa moja jioni inapita, nami nimekaa kitandani nikimsikiliza jirani akikwangua sufuria.

Tarehe 9 mwezi uliopita nilianguka kwenye foleni ya bomba. Muuguzi wa zahanati aliniuliza nilikula nini wiki ile. Kwa kuwa shajara natembea nayo, nilimsomea: Jumatatu chai, Jumanne chai na mkate, Jumatano chai. Akasema inatosha, hajawahi kuona mtu anayejinyima chakula kwa mwandiko mzuri namna ile. Aliniagiza nipange chakula cha wiki kabla wiki haijaanza, nile mara tatu, saa zilezile, nihisi njaa nisihisi.

Kupanga naweza. Nilichukua orodha ya zamani ya shule nikaigawa kwa mia nne. Maharage gramu mia, mchele gramu mia na hamsini, kitunguu robo. Muuza mboga wa kona aliposikia naomba robo ya kitunguu, aliwaita wenzake waje wamwone mteja. Aliniambia kitunguu si kitambaa, baba, hakikatwi kwa kipimo. Nichukue kizima, na nisipopata wa kula naye nijue tatizo si kitunguu.

Maharage ya kwanza yaliungua. Ya pili yalikuwa magumu kama kokoto, nikayala hivyohivyo saa saba kamili, nikaandika: nimekula. Leo ni siku ya arobaini na moja sijaruka mlo. Saa ya mezani nimeitegesha ilie mara tatu kwa siku. Kinachonishinda ni ule ukimya ikishanyamaza.

Sasa, dada, neno lililonikaa kooni. Uliponiandikia mwezi wa nne kwamba ungependa kuja kunitazama, nilikujibu usijisumbue, kuna mama jirani ananipikia na nimenenepa. Hakuna mama yeyote. Jirani yangu ni fundi redio, na hatujavuka salamu. Nilikudanganya kwa kuona haya. Wewe ndiye uliyenilea, nami niliyepimia watu mia nne sikuwa na cha kukuwekea mezani.

Orodha ya wiki ijayo nimeibandika ukutani. Siku sita nimegawa kwa mia nne. Jumapili nimegawa kwa mia mbili. Basi la asubuhi hufika kabla ya saa saba, na maharage sasa yanaiva.

Wasalimie wajukuu, waambie babu yao wa stoo bado yupo. Goti likikataa, sitakulaumu. Ila nitakata kitunguu nusu, kama orodha inavyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Stoo