Nyuma ya Mlango wa Karakana

Ipogolo, Iringa
4 Juni 1977

Mkwe wangu Tupokigwe,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku. Je, wewe na watoto hamjambo? Mimi kifua kimenishinda. Wifi yako Ikupa ananishikilia nikae niandike.

Kuna jambo nataka ulijue kabla sijaenda. Unalikumbuka darasa langu la Kiingereza pale Mbeya, katika karakana ya useremala. Fundi mmoja alikuwa na darasa la nane, jirani yake ndiyo kwanza anajifunza kushika penseli. Wewe, kwa kuwa kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe, ulisikilizia nyuma ya mlango. Nikiuliza swali wakanyamaza, jibu lilitoka huko kwa kunong'ona, nalo ni sahihi. Wakatania: "Mwalimu, huu mlango umesoma kuliko sisi."

Siku ya mtihani wa kuzungumza niliandika kwamba hukufika. Watu walisema ni mila, nikanyamaza. Si kweli. Mwalimu mwenzangu alijitolea kukusikiliza badala yangu, nikamkatalia. Asubuhi ile Jailos alikuwa ameshindwa mtihani huohuo, na sikutaka mwanangu apitwe na mkewe. Nafasi yako ya kusomea ualimu wa ushonaji, iliyodai kufaulu mtihani ule, ikapotea hivyo. Nisamehe.

Baba mkwe wako


Mbalizi, Mbeya
2 Julai 1977

Baba, shikamoo.

Pole kwa kifua. Sisi wazima. Jailos anakusalimu; barua yako sijamsomea.

Hilo la mtihani nililijua, yule mwalimu aliniambia. Nilijifariji kwamba mnong'ono wangu uliishia kwa mafundi, kwamba wewe hukuwahi kunisikia pale mlangoni. Kumbe ulikuwa unasikia.

Kusamehe sijaweza. Ila mtihani wangu nautaka. Nikimaliza kushona sare za kufungulia shule nitakuja, nikae nyuma ya mlango, uniulize.

Mkweo


Ipogolo
11 Julai 1977

Mwanangu,

Hali si nzuri. Acha sare, njoo. Maswali nimeyaandika. Ikupa ameweka kigoda barazani, karibu na mlango wangu.

Baba


Ipogolo
25 Julai 1977

Baba,

Leo sikuulizi hali.

Basi liliharibika Makambako, tukalala njiani. Nilipofika jana, wanawake walikuwa wanakulilia uani. Wazee wakasema sasa naruhusiwa kuingia nikuone uso. Sikuingia. Nilikaa kwenye kigoda, Ikupa akanisomea maswali yako kutoka ndani, nami nikajibu kwa sauti, wote wakisikia.

Nimeyajibu yote. Hakuna aliyeniambia kama nimepata.

Mkweo