Direkta Hataki Kula

Jumatatu, 11 Machi

Nimefagia, nimechota maji, nimemwekea Direkta ugali wa jana na majani ya viazi niliyoyachemsha yalainike. Hakula. Leo siku ya pili. Anakuja mpaka kwenye sahani, ananusa, anageuka. Kidevu kimelowa kama cha mtoto anayeota meno. Nimekipangusa.

Pipa nimelisafisha pia. Ni nusu pipa la mawese, nimelisugua kwa majivu mpaka linang'aa. Hakuna sungura Rumonge nzima anayelala mahali pasafi hivi. Anataka nini tena?

Jina hilo alipewa na Zuhura, mwanangu. Direkta, kwa sababu anakaa tu, anatazama watu, hafanyi kazi. Zuhura yuko shule ya lise Bujumbura tangu mwanzo wa Januari. Alitaka kwenda na sungura wake shuleni, nikamwambia acha upuuzi, nitamtunza mimi. Tangu hapo barabara imefungwa na barua hakuna. Naandika kwenye kaye ya shule aliyoiacha. Kurasa zilikuwa tupu, ni dhambi kuziacha.

Jumanne, 12 Machi

Nimemchunguza. Masikio, miguu, tumbo, chini ya mkia. Hakuna kidonda. Nimempa kijiko cha mawese na matone ya mululuza, dawa ya kila tumbo. Akatema. Akatema juu ya gauni la komunyo la mtoto wa watu, jeupe, nimelimaliza jana kulishona. Doa jekundu kifuani. Nimesugua mpaka vidole vimechubuka. Nimemtukana.

Zamani alikaa nje, kwenye kibanda cha mbao chini ya mpera. Januari watu wa milimani walishuka wakikimbia vita, wakajaa kwenye shule ya mtaa, na kuku wa mtaa wakaanza kupotea. Sina neno nao, njaa haina adabu. Lakini Direkta ni wa Zuhura. Nikamwingiza ndani. Siku ya kwanza tu akaanza kutafuna mguu wa kabati la marehemu mama, lililokuja kwa boti toka Ujiji, lenye vikombe vyake. Nilimpiga kwa kandambili. Ndipo nikamtafutia pipa, bati tupu, hatafuni kitu. Na vile vijiti vya mpera ambavyo Zuhura alikuwa akimrundikia nilivitia motoni vyote. Takataka. Nyumba yangu si ghala la kuni.

Jumatano, 13 Machi

Ofisi ya mifugo imefungwa. Mbuzi wa mtu amelala mlangoni, ndiye aliyebaki kazini. Daktari aliondoka mwaka jana, hakuaga mtu.

Mama Shukuru amepita. Jirani yangu, Mukongo wa Uvira, anauza ndagala. Kila juma anapanda boti hadi Magara na samaki wake, maana barabarani watu wanaviziwa. Amempapasa Direkta mgongoni, akatikisa kichwa. "Mama Zuhura, hii nyama inaisha. Tuiwahi ingali iko." Alikuwa anatania. Sikucheka. Nilimnunia mpaka akaniomba radhi, na hapo nikaona haya, kwa sababu huyu mwanamke amezika mume juzi juzi na bado ana nguvu ya kutania watu.

Nimempa barua ya kumfikia Zuhura. Pale Magara yuko mnunuzi wa samaki wa Bujumbura, ana binti katika lise ileile. Barua fupi. Direkta hali, wewe ulikuwa unamfanyia nini, nijibu upesi. Sikuandika kwamba sijasikia neno lake tangu aondoke. Sikuandika kwamba naogopa. Boti inaondoka kesho alfajiri.

Alhamisi, 14 Machi

Mgonjwa haulizwi uji. Nimemviringisha kwenye kanga, nimempa uji wa muhogo kwa kijiko kidogo cha chai. Vitatu. Nusu umemwagika kidevuni.

Baadaye alinitazama kwa muda mrefu. Sipendi anavyonitazama.

Ijumaa, 15 Machi

Risasi tangu asubuhi. Upande wa kaskazini, upande wa Magara. Kisha milio mizito, madirisha yanatikisika. Cherehani sikuigusa.

Nimesali. Nimemwombea sungura kwanza, halafu Mama Shukuru, halafu mwanangu. Mungu anisamehe mpangilio huo. Nadhani nilianza na dogo kwa sababu lile kubwa naogopa hata kulitamka.

Vijiko viwili.

Jumamosi, 16 Machi

Nimejua anaumwa nini. Huzuni. Anamkumbuka Zuhura. Ni nani asingemkumbuka? Hata mimi siku hizi tonge halipiti.

Nimetoa mtandio wa Zuhura sandukuni, ule wa kijani, bado una harufu yake, nikamtandikia ndani ya pipa. Ameulalia. Akashika pindo kwa mdomo kama anataka kulitafuna, ikamshinda, akaliacha limelowa. Nimekaa karibu yake nikalia. Mwanamke mzima, nalia na sungura. Angeniona mtu!

Jumapili, 17 Machi

Vijiko viwili. Mama Shukuru hajarudi. Kanisani kwao wameimba nusu saa tu, wakatawanyika.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeshuka ufukoni kuuliza. Mmoja anasema boti zimezuiliwa Magara, hakuna kutoka. Mwingine anasema boti moja ilipigwa risasi. Wa tatu anasema wote wamekimbilia upande wa Kongo. Kila mtu ana habari yake, na hakuna mwenye habari. Askari akaniambia rudi nyumbani, mama. Nikarudi.

Hasira nimemalizia kwa Direkta. Nilimpigia kelele. Kula! Mkaidi wewe, huna shukurani, watu wanakufa na wewe unaringia majani! Akatetemeka. Kisha akajaribu. Wallahi alijaribu. Alichukua jani, likamning'inia mdomoni, likaanguka. Akalifuata. Likaanguka tena. Mara nne.

Kwa hiyo anataka. Anataka na hawezi. Siku zote hizi nilidhani anakataa. Sijui kwa nini hawezi, sina wa kumuuliza, na yeye hana mdomo wa kusema. Nimeishiwa.

Jumanne, 19 Machi

Mbavu zinahesabika. Nimenoa kisu. Nilisema moyoni, heri kumchinja kwa bismillahi kuliko kumtazama anakauka hivi. Nikamshika. Mwepesi, Mungu wangu. Mwepesi kama kitambaa.

Sikuweza. Nilisema nitamwambia nini Zuhura. Halafu nikasema, na kama hakuna tena wa kuambiwa? Wazo hilo lilikuja lenyewe, sikuliita. Nimejipiga kofi mdomoni. Kisu nimekatia vitunguu.

Jumatano, 20 Machi

Kijiko kimoja. Mama Shukuru hakuna.

Alhamisi, 21 Machi

Mama Shukuru amerudi!

Saa tano asubuhi naona mtu mlangoni, miguu imevimba, kikapu hana, samaki hana. Boti za kuja huku zilikatazwa kutoka. Amesubiri siku tano, mpaka yule mnunuzi akarudi na jibu toka Bujumbura, kisha akatembea siku mbili kwa kufuata ufuko, akijificha kwenye michikichi kila anaposikia gari. Nilimshika nikamkumbatia, mimi nisiyependa kushikana shikana. Akafungua fundo la kitenge chake. "Amahoro, Mama Zuhura. Mutoto iko muzima. Soma."

Nilisoma nimesimama. Mwandiko wake, zile herufi ndefu ndefu. Yu hai. Yu hai mwanangu. Nilikaa chini nikasoma upya, maana mara ya kwanza sikuona kitu zaidi ya hilo.

Anauliza: "Mama, vijiti vyangu vya mpera bado unampa? Mwalimu wa biolojia alitufundisha, meno ya sungura hayaachi kukua, kama kucha. Lazima atafune kitu kigumu ayapunguze. Mwangalie mdomoni."

Mdomoni. Masikio nilitazama. Hata mkia nilitazama. Mdomoni, hapana.

Mama Shukuru alishika miguu, mimi nikainua ule mdomo wake wa kisungura, uliopasuka katikati. Meno ya chini yamejipinda kwenda mbele kama ndoana. Ya juu yamejikunja kuingia ndani, moja limechoma kaakaa. Mnyama alikuwa amefungwa kinywa kwa meno yake mwenyewe. Na mimi hapa na ugali laini, na majani ya kuchemsha, na bati linalong'aa, nikisubiri shukurani. Usilolijua ni usiku wa giza. Vijiti nilivichoma kwa mikono yangu, nikapikia chai.

Tulimpeleka kwa Mzee Saidi, fundi saa, mwenye koleo ndogo kuliko zote mjini. Alikataa. "Mimi natengeneza saa, dada, sitengenezi viumbe." Mama Shukuru akamwambia ametembea siku mbili kwa ajili ya koleo hiyo, na hatoki. Mzee akavaa miwani yake.

Nilimfunika Direkta macho kwa mtandio wa kijani. Ka! Ka! Mawili ya juu, mawili ya chini. Mzee akalainisha ncha kwa tupa, polepole, mkono wake haukutikisika hata kidogo. Nikambeba Direkta mpaka nyumbani.

Nilimweka chini akakimbilia uvunguni mwa kabati. Hajala.

Ijumaa, 22 Machi

Hajala. Nimemwekea jani bichi, ukoka, ganda la ndizi. Hata kunusa hakunusa. Kaakaa lina kidonda. Mzee Saidi amepita kumwona, akasema saa ukishaikoroga ndani huipi amri ya kutembea, unaiacha. Sikupenda maneno yake lakini sina mengine.

Uji vijiko vinne. Vyote vimeshuka.

Nimesoma tena sehemu ya pili ya barua. Huko nako risasi. Siku nyingine wanasoma wamelala chini ya vitanda. Anasema nisimfuate, atakuja barabara itakapofunguliwa. Anasema aliniandikia barua tatu kabla ya hii. Sikupata hata moja. Mimi kumbe nilikuwa nimemnunia.

Pipa nimelitoa nje. Linakinga maji ya mvua.

Jumamosi, 23 Machi

Ukoka mmoja umepungua. Labda upepo.

Jumapili, 24 Machi

Leo kimya. Mvua kidogo asubuhi, ziwa limetulia, hakuna mlio upande wowote. Mama Shukuru bado amelala, nimempelekea chai na nimemkanda miguu kwa maji ya chumvi. Akanitania kwamba nyama inaanza kurudi. Leo nilicheka.

Nilikata vijiti vya mpera, vibichi, nikachagua vizuri, nikavipanga mbele ya Direkta. Akavipita. Hakuvitazama. Nikasema basi.

Nilikuwa nafagia niliposikia. Krr, krr, krr. Nikasimama na fagio mkononi. Direkta yuko kwenye mguu wa kabati la mama, mguu uleule wa Januari, pale pale alipoacha. Masikio yamelala nyuma, vumbi la mbao limemjaa kidevuni. Kidevu kikavu.

Kandambili ilikuwa karibu yangu. Nimeisogeza kwa mguu, mbali. Nimemwambia tafuna, baba, tafuna, ni lako.

Kisha nimefungua kabati, nimetoa vikombe vya mama kimoja kimoja, nimevipanga sakafuni ukutani, ili likilala upande visivunjike. Zuhura akija atavikuta hapo.