Kinyago Ulichokiacha na Sikio Moja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo utakasirika hukohuko uliko.

Jumamosi mdogo wangu Yohana anakuja hapa Kimara kuchoma kinyago chako cha mwisho, nami sijui nimzuie au nimpe kiberiti.

Unakumbuka siku uliyookoka? Ulitoka kanisani ukapitiliza hadi kibandani ulikochongea, ukatoa vinyago vyote vya mashetani, vile vya midomo iliyopinda vilivyotulipia ada, ukavirundika uani. Mpingo hauwaki upesi. Mama alimwaga mafuta ya taa huku analia. Ukaniambia, "Nilikuwa gizani, mwanangu. Sasa macho yamefunguka." Tangu hapo ukawa mtu wa kuchonga miiko na sinia tu.

Chuoni nikasoma kwamba Ulaya kulikuwa na zama ambazo watu waliamua kutumia akili zao wenyewe, wasingoje kuambiwa na padri wala mfalme. Nikafurahi, kumbe hata baba yangu alifanya hivyo! Kisha nikafunua kurasa za mbele, nikakuta wengine wa hukohuko walikuja kwetu wakidai wanatuletea nuru, wakaziita kazi za babu zako ushenzi. Nikarudi nyumbani nimevurugwa. Wewe ulitumia akili yako, au uliambiwa? Nilipokuuliza ulicheka. "Wewe soma, utanieleza."

Nimesoma, Baba, na sina cha kukueleza. Wapo hata Wabudha wanaofundisha kwamba kupata nuru ni kuacha kung'ang'ania chochote, nami nimekumbatia kipande cha mti.

Maana kimoja hukukichoma. Ulipougua, nikitafuta blanketi stoo, nilikikuta kimefungwa kwenye shati lako kuukuu, kina sikio moja. Nikakuletea kitandani nikijua utanifokea. Ukakipapasa polepole, kidole kikatulia pale pasipo na sikio, ukasema, "Huyu sijammaliza." Basi. Hukusema kichomwe, hukusema kitunzwe, na wiki hiyohiyo ukatutoka.

Yohana ananiambia, "Dada, mzee mwenyewe alivichoma. Mie nani nikiache?" Simlaumu. Ila yeye hakuona ulivyotabasamu, vilevile kama zamani ukiwa na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Sasa macho yako yalifunguka lini, Baba, siku ya moto au siku ile kitandani? Nakukasirikia kwa kuniachia swali hili, na nakupenda, vyote kwa pamoja.

Jana nilishika patasi yako nijaribu kulichonga sikio la pili. Kisha nikairudisha mahali pake.

Jumamosi nitamwambia Yohana afumbe macho kwanza, akipakate, apapase pale pasipo na sikio. Akitaka kukichoma baada ya hapo, kiberiti nitampa mimi mwenyewe.

Pumzika, Baba.

Binti yako mkubwa, uliyemsomesha na bado haelewi