Ningerudi Kawangware

Mama Jackie anaambia ploti yote eti nililia kwa kibanda cha video pale Mashimoni, jamaa wa movie aliporudi miaka ya nyuma kutafuta msichana aliyemuacha.

Uongo! Hapo nilikuwa nacheka. Mtu anapata mashine ya kurudi nyuma, halafu anaenda kuomba msamaha?

Vijana walisema ni fala, angerudi abet mpira.

Kimanzi wangu naye, mbele ya watu wote: "Mimi ningerudi tu siku zile nilikuwa Kawangware."

Kawangware, Nzilani! Na Jumamosi anapelekea baba yangu mbuzi za ntheo, ndio niwe bibi yake.

Siku zile si alikuwa na wewe?

Sijakasirika. Niambie tu, hizo mbuzi tungoje kwetu ama zinakuja kwenu?

Nakuona uko online. Nijibu.