Msumeno wa Marehemu Fundi Sefu

Jumapili, mwezi wa kumi. Joto la kubana kifua. Mawingu yanajikusanya juu ya mtaa wetu wa Makomeno, kisha yanaghairi.

Nimemaliza. Msumeno wa mkanda, ule mdogo alioniachia marehemu Fundi Sefu, sasa una mota ya nguvu ya farasi wawili, iliyotolewa kwenye pampu kuukuu ya mgodi. Ile ya zamani ilikuwa nusu farasi tu. Ikikutana na ubao mgumu inaguna na kusimama. Shingoni mwa mashine nimepachika kipande cha chuma, gurudumu la juu likapanda, nikaunga mkanda mrefu zaidi. Zamani ulipasua unene wa sentimita kumi na tano, sasa thelathini. Mfanyabiashara mmoja wa Kasenga anataka mbao nene za boti ya samaki, na kazi kama hiyo haiji mara mbili.

Ningepaswa kufurahi. Sina furaha.

Jana, tuliporudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya serikali ya kila Jumamosi, niliuwasha kwa mara ya kwanza. Mkanda ukaenda kinyume, meno yakipanda badala ya kushuka. Ni nyaya mbili tu nilizozichanganya, nilizibadilisha, ukatii. Fundi yeyote anajua jambo hilo. Lakini niliuzima, nikakaa chini, kwa sababu niliviona tena vidole vya Fundi Sefu.

Miaka tisa iliyopita alikuwa akibadilisha mkanda, mkono wake uko ndani. Mimi, fundi wake wa pili, nilikuwa na haraka na kiburi. Niliwasha bila kuuliza.

Vilikatika viwili.

Hospitalini aliwaambia watu wote kwamba mashine iliwaka yenyewe. Hakunitazama alipokuwa akisema. Mpaka anazikwa hakubadilisha neno, nami nikajificha nyuma ya uongo wake kama panya nyuma ya gunia la unga. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Leo mjane wake, Mama Zuena, amekuja na chetezo cha ubani. Kwao, watu wa Maniema, anasema, chombo kilichomwaga damu hakiongezwi nguvu kabla hakijasemeshwa. Mimi ni mtu wa Kasai, Mkristo, lakini kwake ni mtoto wa nyumba. Bado ananiita Yosefu, ingawa serikali imeyakataza majina ya ubatizo. Aliizunguka mashine mara tatu, kisha akaikemea kama mtu anavyomkemea mkwe mlevi.

"Weye ulikula bidole ya bwana yangu," alisema. "Leo banakuongezea nguvu. Omba kwanza musamaha."

Akanigeukia. "Haiko na kinywa, Yosefu. Weye sasa ni mwenyewe yake, jibu pa nafasi yake."

Nikaweka mkono juu ya chuma.

"Mama, unisamehe," nikasema. "Ni miye nilikata bidole ya baba."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nimekusamehe," akaiambia mashine, akaipigapiga. Kisha akaniagiza nimwekee vumbi la mbao la kuwashia moto, akaenda zake.

Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, na yeye hakusikia hata moja.

Sijauwasha tena. Mtu wa Kasenga asubiri. Kesho asubuhi nitabisha kwa Mama Zuena, niyarudie maneno yale yale mahali ambapo hakuna mashine ya kuyapokea.