Mizeituni ya Shamba la Juu

Jumatatu, 20 Januari 2025

Baridi ya kuuma! Pua inaganda kabla hujafika kwenye gari. Dobini hotelini mvuke ulijaa mpaka nikawa simwoni Kerubo, mwenzangu wa shifti, na tumeshika shuka moja. Nikaenda tena kule kwa mawazo. Uhispania, mlimani kwa kaka Abdulhadi, katikati ya mizeituni ambayo sijawahi kuiona ila kwenye simu. Upepo unageuza majani, yanakuwa fedha. Vumbi jeupe miguuni. Kerubo akapiga kelele: Lubna, shuka inaungua! Haikuungua. Ilikaribia.

Jumamosi, 25 Januari

Kaka kapiga. Mavuno yameisha, mafuta mazuri — sauti tu haikuwa ya mtu aliyevuna. Ruzuku imebadilishwa. Zamani shamba la mkewe lililipwa kama lilivyolipwa enzi za baba mkwe, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa Ulaya wanasawazisha mashamba yote, na malipo yale ya zamani yanapunguzwa kila mwaka. Nyongeza ipo, ukiacha majani yaote kati ya miti ili udongo usichukuliwe na mvua.

"Jambo zuri," anasema. "Lakini mlima wetu mkavu, Lubna. Majani yanakunywa maji ya miti."

Mafuta yanarudisha gharama tu. Walichokuwa wakila ni ile ruzuku.

Sasa kampuni ya umeme wa jua inataka kukodi shamba la juu. Miti ing'olewe yote. Shamba lile ni letu sote wawili, mimi na kaka, tulilinunua tulipouza nyumba ya marehemu mama, Mombasa. Bila sahihi yangu hawaligusi.

"Usinijibu leo, dadangu."

Jumapili, 2 Februari

Ziwa limeganda, Alwi kanitembeza juu yake! Mume wangu huyu, juma zima ana-drive basi la hoteli kwenda eapoti na kurudi, Jumapili bado anataka kuzunguka. Nikamwambia tukistaafu tutahamia kule. Chumba kimoja kinatosha, dirisha lielekee miti.

Akacheka kidogo. "Miti hiyo inamlisha nani lakini?"

Chini ya barafu maji yalinguruma, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Jumanne, 4 Februari

Nimekataa. Nimemwambia kaka: miti ile ilikuwepo kabla ya babu zetu, ukishaing'oa huirudishi tena. Akasema: "Haya. Na iwe utakavyo."

Hakubisha. Bora angebisha.

Lakini nimefurahi mno! Mchana kutwa nimekuwa kule mlimani. Wageni wanaomba taulo, mimi niko kwenye kivuli.

Ijumaa, 21 Februari

Ndoto. Zeituni zinadondoka juu ya leso yangu, bila sauti hata kidogo. Naokota, naokota, leso haijai. Nikataka kumwita kaka anisaidie — jina lake halinijii.

Kaka hajapiga tangu siku ile.

Jumapili, 2 Machi

Funga ya pili. Asubuhi kapiga wifi, si kawaida yake, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kaka hayupo nyumbani. Yuko pwani ya kule, anachuma nyanya kwenye mabanda ya plastiki, analala hukohuko na vibarua wenzake. Miti haijapogolewa. Majani yamemfika wifi kiunoni. "Alinikataza nisikwambie," akasema, na akalia. Nami nikalia.

Adhuhuri ikaja ujumbe wa kaka mwenyewe. Salamu ndefu za Ramadhani, hali za Alwi, hali ya theluji. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeuliza njia: hoteli yenu inaajiri? Kazi yoyote, hata kubeba mizigo.

Kaka Abdulhadi! Aliyekuwa akinicheka, eti nimeolewa na friji.

Nimekaa kwenye gari, paking ya hoteli, injini inanguruma. Nikamwona amepinda mgongo chini ya plastiki, jasho, na huku mimi kivulini kwenye shamba lake nikiota. Miezi yote hii niliitembea miti ile, hata siku moja sikumwona mtu anayeipalilia.

Nimeandika: njoo. Nikafuta. Nimeandika: kaka, ile kampuni bado inalitaka shamba? Nikatuma kabla mkono haujaniasi.

Kwao sasa ni magharibi, anafuturu. Ameusoma ujumbe. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena —