Tarumbeta Lako na Mdomo Wangu Ulioshonwa

Mjomba wangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na wewe ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kuona haya kuogopa mbele yake. Tarumbeta lako liko mezani hapa Musoma, sijaligusa wiki tano. Nilianguka na bodaboda nikitoka Bunda, mdomo wa juu ukapasuka, ukashonwa nyuzi nne. Daktari ameshazitoa, amesema naweza kujaribu. Jumamosi tuna harusi Butiama, na bendi uliyoniachia naiongoza mimi. Wenzangu nimewaambia nimepona. Nimewadanganya.

Unakumbuka siku ya kwanza pale Kiabakari, nyuma ya kanisa? Nilijaza mashavu kama chura, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, kisitoke kitu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Kwani unapoza uji?" Ukachomoa kile kipande kidogo cha kupulizia, ukabana midomo, kikavuma kama nyuki. Halafu ukakichomeka kwenye mpira wa kumwagilia bustani ya padri, na mpira ukalia kama tarumbeta! Nilidhani ni uchawi.

"Shaba haina sauti, mama," ukaniambia. "Inayoliaga ni midomo yako. Bomba linaikuza tu." Ukanionyesha vali tatu: ukibonyeza, hewa inazunguka njia ndefu zaidi, sauti inashuka. Ndiyo maana tarumbeta la besi, lenye bomba refu kuliko yote, linanguruma.

Na vali zenyewe ulizilainisha kwa samli! Mtoto wa wafugaji wewe, kila ugonjwa dawa yake ulitafuta kwa ng'ombe. Asubuhi ile ya Pasaka kulikuwa na baridi, samli ikaganda, vali zikagoma mbele ya kanisa zima. Ukamaliza wimbo kwa zile sauti chache ambazo midomo peke yake inaweza kutoa, huku umenikazia macho nisicheke. Nilicheka.

Leo sicheki. Vali ikikwama ina fundi, bomba likitoboka linachomelewa. Mdomo nitaununua duka gani? Upande wenye kovu una ganzi. Nikinywa chai inanidondokea kifuani, nami sina habari.

Nimeweka kalamu chini, nikajaribu. Hewa tupu. Nikajaribu tena, kovu likauma, hewa. Mara ya tatu imetoka sauti moja nyembamba, ya ndama aliyepotezana na mama yake, ikakatika. Nikaliacha tarumbeta mezani, nje ya mfuko wake.

Nikampigia Neema, yule anayepiga tarumbeta la pili. Nikamwambia ukweli wote, na kwamba Jumamosi aongoze yeye.

Akanijibu: "Dada, tunajuaga. Ulikuwaga unatuamsha mtaa mzima na mazoezi yako. Wiki tano kimya, nani asijue?"

"Mbona hamkusema?"

"Tuliogopa kukuumiza. Tumeshafanya mazoezi, dada. Mimi mbele. Tumezoea."

Nikamshukuru. Nikakata simu, nikakaa kitandani. Nilikuwa nimeogopa kwamba bila mimi Jumamosi itaharibika, mjomba. Haitaharibika. Muziki utapigwa vizuri tu bila mimi, na hilo ndilo linalonitisha kuliko mdomo.

Pumzika kwa amani huko kaburini, mjomba. Kesho asubuhi nitapuliza tena.

Ni mimi, mpwa wako.